Tom Finney na misimu ambayo vitabu haviihesabu

Fungua jedwali lolote la takwimu za Tom Finney utakuta mstari mmoja mfupi: Preston North End, 1946 hadi 1960, mechi 433 za ligi, magoli 187. Timu ya taifa ya England: mechi 76, magoli 30. Asiyejua habari zake atadhani jamaa alianza soka akiwa na miaka 24, pengine kwa sababu walimchelewa kumwona. Hawakumchelewa. Alisaini kuwa mchezaji wa kulipwa Januari 1940, hajatimiza miaka 18, na ilipofika Mei 1941 alikuwa ameshacheza fainali Wembley mbele ya watu 60,000. Kati ya fainali ile na mechi yake ya kwanza "rasmi" ilipita miaka mitano na ushei.

Wengi wanaoandika habari za wachezaji wa kizazi kile hufanya hesabu rahisi: vita vilichukua misimu saba, mchezaji alikuwa na wastani wa mechi kadhaa kwa msimu, zidisha, ongeza, basi hiyo ndiyo rekodi ambayo angekuwa nayo. Mimi sipendi hesabu hiyo, na Finney ni mfano mzuri wa kuonyesha kwa nini haisimami. Vita havikumkata kila mchezaji mahali pamoja. Wengine viliwakata mwanzo, wengine katikati, wengine viliwamaliza kabisa. Na hata neno "kukatwa" lina namna zake, maana wapo waliocheza mpira kila wiki katika miaka hiyo yote na bado jedwali linawaonyesha kama waliolala.

Tuanze na Septemba 1939, kwa sababu bila kuelewa utaratibu wa wakati ule mengine hayataeleweka.

Msimu wa 1939–40 ulifunguliwa Jumamosi tarehe 26 Agosti. Jumamosi iliyofuata, tarehe 2 Septemba, zikachezwa mechi nyingine. Kesho yake Uingereza ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani, na ligi ikasimama hapo hapo. Timu nyingi zilikuwa zimecheza mechi tatu tu. Blackpool walikuwa kileleni, wameshinda zote tatu. Matokeo yale yakafutwa: si kwamba yalihesabiwa kama msimu ambao haukumalizika, yalifutwa kabisa. Tommy Lawton wa Everton alikuwa na magoli manne katika mechi tatu, na magoli yale hayamo kwenye hesabu yake ya ligi mpaka leo, ingawa vitabu vingine huyaweka pembeni kwa alama ya nyota.

Kilichofuata ndicho kilichowaumiza wachezaji zaidi. Kabla ya vita mshahara wa juu kabisa ulikuwa pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu na pauni 6 wakati wa mapumziko ya kiangazi. Hakuna klabu iliyoruhusiwa kulipa zaidi hata kama ina pesa. Vita vilipoanza mikataba ikasimamishwa, yaani mshahara ukakatika siku hiyo hiyo, lakini usajili ukabaki mikononi mwa klabu. Mchezaji hakulipwa, na wala hakuwa huru kuhamia kwingine. Soka liliporudi kwa mtindo wa mashindano ya kanda, malipo yaliyoruhusiwa yalikuwa shilingi 30 kwa mechi, ambayo ni pauni moja na nusu kwa pesa ya wakati ule, bila bonasi. Usipocheza, huna kitu. Mwaka 1943 ikapandishwa kuwa pauni 2.

Mashabiki nao wakawekewa kikomo: mwanzoni watu 8,000 kwa maeneo yaliyohofiwa mabomu, 15,000 kwa yale yaliyoonekana salama zaidi. Timu zikazuiwa kusafiri mbali, kiwango cha mwanzo kikiwa maili 50. Na kwa kuwa wachezaji walikuwa wametawanyika makambini nchi nzima, ukaruhusiwa utaratibu wa wachezaji wageni. Mwanajeshi aliyepangiwa kambi iliyo mbali na klabu yake aliweza kuichezea klabu ya jirani na kambi, mradi klabu yake iridhie. Aldershot, timu ya daraja la tatu iliyokuwa katika mji wa jeshi, ikajikuta inapanga safu ya viungo ya timu ya taifa ya England: Cliff Britton, Stan Cullis na Joe Mercer. Kwa upande mwingine zilikuwepo timu zilizofika uwanjani na watu wanane zikaanza kuuliza jukwaani kama kuna askari anayejua mpira.

Hayo ndiyo mazingira aliyoingia Finney.

Alizaliwa Preston, Lancashire, tarehe 5 Aprili 1922, karibu kabisa na uwanja wa Deepdale. Utotoni alikuwa mdogo wa umbo na dhaifu, na kwa asili alitumia mguu wa kushoto. Preston walimtaka tangu akiwa na miaka 14, lakini baba yake akakataa asiache kazi: kwanza amalize kujifunza ufundi bomba, halafu mpira. Uamuzi ule ulimfaa zaidi ya mara moja maishani, kama tutakavyoona. Aliendelea na ufundi mchana na mazoezi jioni, akaufanyia kazi mguu wa kulia mpaka akawa winga wa kulia ambaye beki hajui atatokea upande gani. Hapo ndipo ilipo siri ya uchezaji wake. Winga wa kawaida wa kulia siku zile alikimbia pembeni ya mstari na kupiga krosi. Beki akijua hivyo, anaufunga upande wa nje na kazi imekwisha. Finney ukimfungia nje anaingia ndani kwa mguu wa kushoto, ambao ndio mguu wake wa kuzaliwa.

Aliposaini, malipo yake yalikuwa shilingi 10 kwa mechi.

Msimu wa 1940–41 unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndio msimu pekee ambao Finney alishinda mambo makubwa akiwa na Preston, na ndio msimu ambao haupo kwenye jedwali. Mashindano ya kanda ya Kaskazini yalikuwa na timu 36. Haikuwezekana kuwapanga kwa pointi, kwa kuwa timu hazikucheza idadi sawa ya mechi: ving'ora, mabomu, treni zilizochelewa na viwanja vilivyochukuliwa na serikali vilivuruga ratiba. Ikaamuliwa msimamo upangwe kwa wastani wa magoli, yaani magoli ya kufunga yagawanywe kwa ya kufungwa. Preston wakamaliza wa kwanza.

Halafu kukawa na Kombe la Vita. Fainali ilichezwa Wembley tarehe 10 Mei 1941, Preston dhidi ya Arsenal. Finney alikuwa na miaka 19, na beki aliyepangiwa kumkaba alikuwa Eddie Hapgood, aliyekuwa nahodha wa Arsenal na wa England. Arsenal walipata penalti mapema sana na Leslie Compton akagonga mwamba. Andrew McLaren akaifungia Preston, Denis Compton akasawazisha, ikaisha 1–1. Usiku wa siku ile ile ndege za Ujerumani ziliipiga London vibaya kuliko usiku mwingine wowote wa mashambulizi yale. Walikufa watu zaidi ya 1,400 na ukumbi wa Bunge ukaungua. Marudiano yakapelekwa Kaskazini, uwanja wa Ewood Park mjini Blackburn, tarehe 31 Mei, na Preston wakashinda 2–1 kwa magoli mawili ya Bobby Beattie.

Ukisikia mtu anasema Finney hakuwahi kubeba kombe kubwa, jua anasema kweli kwa mujibu wa vitabu. Kombe lile lilichezwa na watu wale wale, Wembley ile ile, mbele ya watazamaji ambao timu nyingi leo zingewaonea wivu. Ila halimo.

Katika timu ile ya Preston alikuwemo kiungo mmoja Mskoti aliyeitwa Bill Shankly. Wakati wa fainali alikuwa na miaka 27. Alikuwa ameshatwaa Kombe la FA na Preston mwaka 1938, walipoifunga Huddersfield kwa penalti ya George Mutch mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, na alikuwa ameshaichezea Scotland. Kwa kiungo, miaka 26 hadi 32 ndiyo miaka ya kula matunda: mapafu bado yapo na akili imeshakomaa. Shankly aliitumia miaka hiyo katika jeshi la anga. Ligi iliporudi alikuwa anakaribia miaka 33, na Machi 1949 akaondoka kwenda kuifundisha Carlisle. Waweke hao wawili kando kwa kando: klabu moja, vita vilevile, misimu ileile. Mmoja vilimnyima mwanzo, mwingine vilimnyima kilele. Kuwaongezea wote wawili idadi moja ya mechi za "wangecheza" ni kuchanganya mambo, maana mechi za winga wa miaka 20 si sawa na za kiungo wa miaka 29.

Finney aliitwa jeshini Aprili 1942, akapangiwa kikosi cha vifaru. Deepdale nayo ikachukuliwa kwa matumizi ya jeshi, klabu ikajitoa kwenye mashindano. Kwa hiyo hata kama angebaki Lancashire, timu yake isingekuwepo ya kuchezea.

Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi linarukwa. Wachezaji wengi maarufu walipelekwa kuwa walimu wa mazoezi ya viungo jeshini. Chama cha soka kupitia katibu wake Stanley Rous kilikuwa kimeshawasukuma huko mapema, na sababu ilikuwa nyepesi: jeshi lilihitaji watu wa kuwafanya makuruta wawe na pumzi, na hakuna watu waliojua kazi hiyo kama wachezaji wa kulipwa. Matokeo yake, mtu kama Lawton alibaki Uingereza karibu muda wote wa vita na alicheza mno. Aliichezea England mechi 23 za wakati wa vita akafunga magoli 24. Mojawapo ni ile ya Oktoba 1943 pale Maine Road, Manchester, England walipoifunga Scotland 8–0 na Lawton akatia manne. Mechi hizo zote hazihesabiwi kama mechi rasmi za kimataifa. Rekodi yake rasmi ni mechi 23 na magoli 22, ya kutisha hata hivyo. Yaani jamaa ana nusu nyingine ya maisha yake ya timu ya taifa, nzima nzima, iliyowekwa kabatini.

Walikuwepo walionung'unika kwamba wachezaji hawa walipewa kazi za starehe, na malalamiko hayo yaliwafuata kwa miaka. Nadhani yalikuwa ya haki nusu. Mwanajeshi hachagui mahali pa kupelekwa, na ukitazama upande wa pili wa orodha unakutana na watu kama Harry Goslin. Goslin alikuwa nahodha wa Bolton Wanderers. Tarehe 8 Aprili 1939, vita bado havijaanza, kabla ya mechi na Sunderland alizungumza na mashabiki uwanjani Burnden Park akawaambia kwamba nchi imo hatarini na kila mtu afanye sehemu yake. Siku chache baadaye yeye na wenzake wakajiunga na kikosi cha mizinga cha mji wao, Rejimenti ya 53. Walikwenda Ufaransa wakaondolewa Dunkirk, wakapigana Afrika Kaskazini, wakaingia Italia. Goslin alijeruhiwa huko na akafariki Desemba 1943, akiwa na miaka 34. Hakuna jedwali la kujaza kwa mtu kama huyo.

Finney alikuwa katikati ya hali hizo mbili. Desemba 1942 alipakiwa melini kwenda Misri. Huko alikaa muda mrefu katika Jeshi la Nane, na pamoja na kazi zake za kijeshi alichezea timu ya jeshi iliyoitwa Wanderers, iliyozunguka kucheza na vikosi vingine na timu za wenyeji. Mpira wa kule ulikuwa na ugumu wake: uwanja mkavu, mgumu, hauna nyasi, mpira unadunda juu kuliko mchezaji wa Lancashire alivyozoea, na joto linamkamua mtu. Kwa winga anayetegemea mguso wa kwanza, uwanja wa namna ile ni shule nzuri. Asiyejua kuutuliza mpira unaoruka ovyo hapati nafasi ya kukimbia nao. Siwezi kusema Misri ndiyo iliyomtengeneza, ila wanaochukulia miaka ile kama shimo tupu wanakosea. Aliondoka kwao kijana wa miaka 20, akarudi mtu mzima mwenye mwili uliojaa.

Baadaye akapelekwa Italia. Katika mashambulizi ya mwisho ya Aprili 1945 alikuwa dereva wa kifaru cha Stuart katika rejimenti ya 9th Queen's Royal Lancers, kwenye mapigano ya Pengo la Argenta. Mahali penyewe ni ukanda mwembamba wa ardhi kavu kati ya ziwa la Comacchio na maeneo ambayo Wajerumani waliyafurisha maji makusudi ili vifaru visipate pa kupita. Stuart ni kifaru chepesi, tani 15 hivi, chenye watu wanne, dereva akiwa amekaa mbele chini. Kazi yake ilikuwa upelelezi: kutangulia, kuona adui yuko wapi, kutoa taarifa. Mzinga wake ulikuwa wa milimita 37, wakati vifaru vya Wajerumani vilibeba ya 75 na hata 88, kwa hiyo kupambana ana kwa ana hakikuwa kitu cha kufikiria. Kifaru cha namna hiyo kinaishi kwa kasi na kwa dereva kujua njia ya kurudi nyuma. Argenta ilivunjwa baada ya siku kumi hivi za mapigano, na majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa Italia yakasalimu amri tarehe 2 Mei.

Kumalizika kwa vita hakukumaanisha wanajeshi kurudi nyumbani siku hiyo. Uondoaji ulifuata mafungu, kwa umri na muda wa utumishi, hivyo vijana walisubiri zaidi. Ndiyo maana msimu wa 1945–46 haukuweza kuwa ligi ya kawaida: klabu hazikujua zitakuwa na wachezaji gani wiki ijayo. Kombe la FA likarudi msimu huo na linahesabika kuwa rasmi, likichezwa kwa mechi mbili mbili, nyumbani na ugenini, hadi robo fainali. Ligi haikuhesabika. Anayekagua takwimu za mchezaji wa zama zile aishike tofauti hii vizuri, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi hutokea. Mchezaji anaweza kuwa na mechi za Kombe la FA za 1946 na asiwe na mechi hata moja ya ligi ya msimu uleule, na si kwamba kuna ukurasa uliopotea.

Ligi ilirudi tarehe 31 Agosti 1946, na ratiba iliyotumika ilikuwa ileile ya msimu uliofutwa wa 1939–40. Walichukua karatasi ya zamani wakaanza upya. Kwa hiyo Preston wakafungua tena nyumbani na Leeds United, kama walivyofungua miaka saba nyuma. Wakashinda 3–2, na Finney, katika mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga. Alikuwa na miaka 24 na miezi minne.

Wiki nne baadaye, tarehe 28 Septemba, England ikacheza mechi yake ya kwanza rasmi baada ya vita, Belfast, dhidi ya Ireland Kaskazini. Kikosi kile kinaeleza athari ya vita kuliko maelezo marefu. Kati ya wachezaji 11, tisa walikuwa wanacheza mechi yao ya kwanza rasmi. Waliokuwa wameshahesabiwa kabla ya vita ni Lawton na Raich Carter peke yao. Nahodha, George Hardwick, naye ilikuwa mechi yake ya kwanza. Kipa Frank Swift alikuwa na miaka 32 na alikuwa ameshasimama golini katika mechi kadhaa za wakati wa vita, lakini kitabuni alikuwa mgeni sawa na Finney. Walishinda 7–2. Wilf Mannion, ambaye naye alitoka vitani, alifunga matatu, na Finney alipata lake. Alipewa winga ya kulia kwa sababu Stanley Matthews alikuwa majeruhi, na kuanzia siku ile ukaanza ubishi wa Matthews au Finney uliojaza magazeti kwa miaka kumi. Jibu la Lisbon, Mei 1947, lilikuwa kuwapanga wote, Matthews kulia na Finney kushoto. Ureno ikafungwa 10–0. Lawton manne, Stan Mortensen manne, Finney na Matthews moja moja.

Mortensen mwenyewe ni mfano mwingine wa kutazama kabla ya kuzidisha mechi kwa misimu. Alikuwa opereta wa redio na mpiga bunduki katika ndege za kijeshi, na aliumia kichwa ndege yake ya Wellington ilipoanguka. Alipona, akarudi uwanjani, na katika fainali ya Kombe la FA ya 1953 akafunga magoli matatu. Hakuna hesabu ingeweza kumpa mtu nafasi hiyo akiwa kitandani hospitalini.

Nirudi kwa Finney na hesabu ya "angecheza". Ukigawanya mechi 433 kwa misimu 14 unapata karibu 31 kwa msimu. Misimu sita kuanzia 1940–41 hadi 1945–46 ingekupa kama mechi 186, na wengine huishia hapo, wanaandika kwamba alipoteza mechi 186. Kasoro ni kwamba wastani ule ni wa mtu aliyekwisha kukomaa. Preston ya 1939 ilikuwa timu ya daraja la kwanza iliyotwaa kombe mwaka mmoja tu nyuma, yenye mawinga wake. Kijana wa miaka 18 mwenye umbo dogo angeweza kukaa timu ya akiba msimu mmoja, miwili. Alipata nafasi mapema kwa sababu ya vita: wakubwa waliitwa jeshini, watoto wakasogezwa mbele. Vita vilimfungulia mlango mwaka 1940 na vikaufunga 1942. Na upande wa mwisho nao una sura yake, kwa sababu magoti na nyonga ambazo hazikupigwa mateke ya mabeki wa ligi tangu umri wa miaka 18 huenda ndizo zilizomfikisha uwanjani hadi miaka 38. Hilo halithibitishiki, lakini mwenye kuongeza mechi mwanzoni inabidi awe tayari kupunguza nyingine mwishoni.

Baada ya vita hakubahatika na makombe. Preston walishuka daraja 1949, wakapanda 1951 wakiwa mabingwa wa daraja la pili. Msimu wa 1952–53 ndio uliouma. Walimaliza na pointi 54, sawa na Arsenal, na ubingwa ukaamuliwa kwa wastani wa magoli, kipimo kilekile kilichowapa ushindi wa kanda mwaka 1941. Arsenal walikuwa na 97 ya kufunga na 64 ya kufungwa: 97 kwa 64 ni 1.516. Preston 85 na 60: 1.417. Tofauti ni 0.099. Ukitaka kuona kipimo hiki kinavyofanya kazi, jaribu kuwapa Preston ubingwa. Wangehitaji magoli sita zaidi ya kufunga, 91 kwa 60, wawapite Arsenal kwa unywele. Au wangehitaji kufungwa manne pungufu, 85 kwa 56. Kwa hiyo chini ya kugawanya, goli unalozuia lina thamani kuliko unalofunga, na timu inayoshambulia kama Preston ile inaumia. Wapo wanaosema wangetumia tofauti ya magoli mambo yangebadilika. Yangekuwa mabaya zaidi: Arsenal walikuwa na 33, Preston 25.

Mwaka 1954 walifika fainali ya Kombe la FA wakafungwa 3–2 na West Bromwich Albion, mwaka ambao Finney alichaguliwa mchezaji bora wa Uingereza. Alichaguliwa tena 1957, akawa wa kwanza kuipata tuzo hiyo mara mbili. Msimu wa 1957–58 Preston wakawa wa pili tena, nyuma ya Wolves.

Na pesa? Huku nako kuna mkono wa utaratibu uleule wa 1939. Kikomo cha mshahara hakikuondoka na vita. Kilipandishwa kidogo kidogo, pauni 12 mwaka 1947, 14 mwaka 1951, hadi 20 mwaka 1958. Mwaka 1952 Palermo ya Italia ikamwekea Finney mezani pauni 10,000 za kusaini, pauni 130 kwa mwezi, nyumba na gari. Hakuondoka, kwa sababu usajili ulikuwa wa Preston na klabu ilikataa kumwachia. Ndiyo nguvu ileile iliyowafunga wachezaji wa 1939 waliokatiwa mshahara lakini wakanyimwa uhuru. Hapo ndipo uamuzi wa baba yake ulipolipa: Finney alikuwa na biashara ya ufundi bomba na ndugu yake, na aliiendesha miaka yote akiwa winga wa timu ya taifa. Mchezaji mwingi wa wakati wake alistaafu akaenda kutafuta kibarua. Yeye alikuwa nacho tayari.

Mechi yake ya mwisho ya ligi ilikuwa dhidi ya Luton Town, tarehe 30 Aprili 1960. Nyonga ilikuwa imekataa. Januari 1961 kikomo cha mshahara kikafutwa, na mwaka huohuo Johnny Haynes wa Fulham akaanza kulipwa pauni 100 kwa wiki. Preston bila Finney walishuka daraja msimu uleule wa kwanza na hawajarudi ligi kuu tangu hapo. Yeye alivaa viatu mara moja zaidi, Septemba 1963, akiwa na miaka 41, alipoichezea Distillery ya Belfast katika Kombe la Ulaya dhidi ya Benfica. Ikaisha 3–3, na hiyo imehesabiwa.